Mwaka Felix Alipohamia Chumbani Kwangu

Katika hitma ya shangazi yangu Bi Zuhura, mwezi uliopita, watu walimpa makiwa Felix kabla yangu. Sitii chumvi. Nilikuwa nimekaa kiti cha kwanza karibu na mlango wa ukumbi wa jumuiya hapa Woolwich, kofia kichwani, mkono tayari, kama inavyompasa mtu aliyelelewa na marehemu. Felix Odera alikaa kiti cha pili kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia akae hapo, maana magoti yake yamekufa kwa kuchutama na mkekani hawezi. Wageni waliingia, wakaniona, wakainamisha kichwa kwa heshima, kisha macho yao yakaruka hadi kwa yule Mkenya mrefu mwenye mvi nzuri, machozi yanamtiririka bila haya, na mikono yao ikafuata macho. "Pole sana, Bwana Felix. Mama ametutangulia." Mzee mmoja wa Kipemba, ambaye watoto wake nimewatafutia kazi mimi, alimkumbatia Felix mpaka nikadhani wamelala, halafu akanigeukia na kuniuliza kama pilau imeshafika. Nimepita miaka sitini. Nimestaafu ofisi ya mabasi, nina wajukuu wanaonielewa kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na nilidhani mambo haya nimeyazika zamani. Lakini pale kwenye kiti cha kwanza wivu ulinipanda kifuani ukiwa na nguvu zake zote za ujana, na nilichoshangaa ni kwamba mimi nimezeeka na wenyewe haujazeeka.

Wenye kufuata kriketi ya Kiingereza watamkumbuka Felix. Alikuwa kipa wa kaunti yetu misimu mingi, na mpigaji pia, mtu wa kuinua timu wakati wengine wameshaanza kufungasha mabegi. Kwa asiyeujua mchezo huu nitaeleza kidogo, maana bila hivyo wivu wangu utaonekana wa bure. Mrushaji anarusha mpira mgumu, mpigaji anasimama na gongo lake, yaani bat, mbele ya vijiti vitatu, ndivyo stumps, kuvilinda, na nyuma ya vijiti anachutama kipa na glavu zake. Kila mpira ambao mpigaji ameukosa, au ameugusa kidogo tu kwa ukingo, ni wa kipa huyo, na ule ulioguswa akiudaka kabla haujatua, mpigaji ametolewa. Timu ina warushaji kadhaa na wapigaji wengi, lakini kipa ni mmoja, na kipa wa pili hana kazi isipokuwa kungoja wa kwanza avunjike. Msimu ninaousimulia, kipa mkongwe wa kaunti alikuwa ametundika glavu. Tulibaki vijana wawili tunaolitaka lile pengo, mimi na Felix, na kocha alituambia waziwazi tangu Aprili kwamba ikifika Septemba mmoja atapewa mkataba na mwingine atapewa mkono wa kwaheri.

Baada ya kutuambia hivyo, klabu ikatulaza chumba kimoja. Felix alikuwa ametoka Nairobi, hana ndugu London, na kocha aliposikia kwamba mimi natoka Zanzibar na nyumbani tunasema Kiswahili, akaona mambo yamejipa. "Mna lugha moja," aliniambia kwa furaha, akanipiga begani. Kwake yeye tulikuwa watu wa mtaa mmoja tuliopoteana. Shangazi hakuulizwa mara mbili. Alikuwa akifanya kazi kwenye dobi la hospitali, wanakofua mashuka, nyumba ilikuwa ndogo, ngazi zake zimepinda, na chumba changu cha nyuma kilitazama reli, lakini mgeni kwake alikuwa neema, hata mgeni aliyekuja kuchukua nafasi ya mtoto wake. Nilimwambia hivyo hivyo jikoni, kwa maneno hayo. Alikuwa anamenya vitunguu, hakuinua kichwa. "Nafasi haichukuliwi, Salum. Riziki ya mtu haili mwenziwe. Yako itakungoja." Nikachukua kisu cha pili nikamenya naye, maana nilikuwa na miaka ishirini na bado niliamini kwamba mtu mzima akisema jambo kwa utulivu namna ile, basi analijua.

Felix akaja na begi moja refu la vifaa na pakiti za majani ya chai kutoka kwao. Mlangoni alinyoosha mkono na kusema, "Hujambo, Aunty."

"Kwetu mtu mzima haambiwi hujambo, mwanangu," alisema shangazi. "Anaambiwa shikamoo."

"Shikamoo, Aunty."

"Marahaba. Umeona? Wala haina uzito."

Yakawa hayo. Tangu siku hiyo Felix alimwaga shikamoo nyumba nzima. Shikamoo asubuhi, shikamoo akitoka bafuni, shikamoo akirudi na mkate, na kila moja shangazi aliipokea kwa marahaba ndefu yenye kicheko ndani yake. Mimi nilikuwa nikimwamkia kila siku tangu nijue kusema, na shikamoo yangu ilikuwa imeshakuwa kama saa ya ukutani, hakuna anayeisikia mpaka isimame. Nilijaribu asubuhi moja kutomwamkia, nione. Hakuona. Felix alikuwa anamweleza jinsi bibi yake anavyokausha samaki, na shangazi amekishika kikombe bila kunywa. Nilipata kitanda cha ukutani kwa sababu mgeni alipewa cha dirishani. Nilipewa taulo la zamani kwa sababu mgeni alipewa jipya. Hayo niliyameza. Lililonikaa kooni ni ukoko. Ule wali ulioshika chini ya sufuria, mkavu, wa rangi ya dhahabu, unaonukia nazi, ulikuwa wangu tangu utotoni. Shangazi alikuwa akiubandua kwa kijiko na kuniwekea pembeni bila kusema neno, na katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuugusa. Jumapili moja Felix akaonja kipande, akafumba macho. "Aunty, hii kitu ni tamu, siwezi kudanganya. Inaitwaje?" Jumapili iliyofuata sufuria ilikwanguliwa vizuri, na ukoko wote ukaenda kwenye sahani yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilihesabu kwamba siku ya tatu imepita zamani, na jembe sijaliona.

Na tatizo kubwa ni kwamba alikuwa mtu mzuri. Mtu mwovu ungemchukia ukapumzika. Felix aliosha vyombo, aliwabebea majirani mizigo, na usiku hakukoroma. Asubuhi tulipanda basi pamoja hadi uwanjani na tukafanya ile kazi ambayo makipa wote wa kaunti hufanyiana kabla ya mechi: mmoja anashika glavu, mwingine anampigia mipira, ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia, mpaka mikono ipate joto. Ndiyo desturi yao, na haijali kwamba mnagombea nafasi moja. Asiyechezeshwa siku hiyo ndiye anayempasha joto anayechezeshwa. Kwa hiyo zilikuwapo asubuhi ambazo nilisimama kwenye nyasi zenye umande nikimwandaa Felix kwa uangalifu mkubwa ili aende akanishinde, na asubuhi nyingine yeye aliniandaa mimi, na tofauti ni kwamba yeye alikuwa anafurahia. "Wewe uko na mikono, Salum," aliniambia siku moja, ananirudishia mpira. "Mimi niko na bat tu. Nikikuona nyuma ya stumps najiuliza kwani mimi nafanya nini hapa." Alisema kweli tupu. Mpira ukinijia haukutoa sauti, ulilala tu. Kwake uligonga kama mtu anayebisha hodi. Lakini bat lake lilikuwa linaimba, na langu lilikuwa linaomba msamaha.

Zamani hilo lisingekuwa na maana. Kipa alikuwa kipa, na akipiga kidogo ilikuwa bahati. Miaka ile ndipo mambo yalipoanza kugeuka, na niliyasikia yakigeuka kwa masikio yangu. Ilikuwa siku ya mvua, wachezaji wanacheza karata, nami nimeingia kile chumba kidogo cha birika kutengeneza chai. Ukuta ulikuwa wa mbao tu. Upande wa pili kocha na nahodha walikuwa wanazungumza, na nahodha akasema kwamba yule wa Zanzibar ndiye kipa bora aliyewahi kumwona akiwa na umri ule. Nilisimama na kijiko mkononi. Moyo ulijaa. Kisha kocha akasema, polepole, kama mtu anayefikiri kwa sauti, "Ndiyo, huyo ndiye kipa. Lakini yule mwingine ndiye mchezaji." Halafu wakaanza kuzungumzia mvua. Chai ile niliimwaga. Nimeishi na sentensi ile maisha yangu yote, na hata leo nikisikia mtu anasifiwa kwa jambo moja tu, namwonea huruma.

Aliyenibakiza kwenye kinyang'anyiro alikuwa mtu mmoja, mrushaji mkongwe aliyeitwa Pyke. Alikuwa mnene, mpole, na mpira wake ulikuja taratibu lakini ulizunguka ukigusa ardhi. Kwa kawaida ulikatia upande mmoja. Mara mojamoja, kwa mkono uleule na mwendo uleule, alirusha ule unaokatia upande wa pili, na wapigaji wa Uingereza nzima waliaibika nao. Shangazi, nilipomweleza siku moja, aliupa jina: mpira wa mnafiki, unaosema hivi na kufanya vile. Tabu ni kwamba mnafiki humdanganya kipa pia, maana kipa wa Pyke husimama karibu kabisa na vijiti na hana muda wa kufikiri. Lazima ajue kabla mpira haujatoka mkononi. Mimi nilijua. Sikujua kwa nini najua mpaka nilipolazimika kueleza. Felix hakujua. Kila Pyke alipompa mnafiki, Felix alienda kushoto na mpira ukaenda kulia, au ukamgonga kifuani, na wapinzani wakajipatia mikimbio, yaani pointi, ya bure. Kocha alianza kuniweka mimi kila mechi ambayo Pyke anacheza, na Pyke alicheza karibu kila mechi. Kufikia Juni nilikuwa mbele. Nililala vizuri siku hizo. Nilimsikia Felix akigeuka kitandani kwake pale dirishani, na Mungu anisamehe, ile sauti ya springi ilinibembeleza.

Ramadhani mwaka ule iliangukia katikati ya kiangazi, na kiangazi cha London hakina haraka ya kuzama. Tulikaa jikoni tukilitazama jua lililogoma kwenye paa za nyumba za jirani, kalenda ya msikiti imebandikwa kwenye friji, tende kwenye kisahani, uji wa pilipili manga, kaimati, na muhogo wa nazi ambao shangazi aliufuata Peckham kwa mabasi mawili. Felix, ambaye mchana alikuwa amekula chakula cha uwanjani na keki juu yake, hakugusa kitu mpaka nasi tufungue. Shangazi alimsifu kwa hilo kila siku. Mimi niliyefunga sikusifiwa, kwa sababu kufunga ni faradhi. Jioni moja Felix alikuja mezani na alama nyekundu shingoni, mpira wa Pyke ulikuwa umempata mazoezini. Aliukoroga uji wake mpaka ukapoa.

"Una nini, mwanangu?" shangazi aliuliza.

"Ni huyo Pyke, Aunty. Siwezi kumsoma. Kila mtu anaona siwezi. Nafikiri nitarudi nyumbani tu, nitafute kazi."

Shangazi alimsogezea kaimati. Kisha akanitazama mimi. "Na wewe unamsoma?"

"Namsoma."

"Vipi?"

"Najua tu."

"Hakuna anayejua tu. Mwonyeshe mwenzio."

"Shangazi, hii ndiyo kazi yangu. Nikimwonyesha mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na ulichoandikiwa." Akaenda kwenye kapu, akachukua chungwa, akaliweka mbele yangu, karibu kabisa na mkono. "Huyu anakula chumvi yetu, Salum. Mtu hali kwako akalala na njaa. Mwonyeshe."

Msomaji anaweza kufikiri kwamba ningeweza kukataa. Hakulijua jiko lile. Nilichukua chungwa, nikalishika kama Pyke anavyoshika mpira, na kwa mara ya kwanza nikalazimika kuangalia kile ambacho macho yangu yalikuwa yanakiona siku zote bila kuniambia. Siri haikuwa kwenye vidole. Wote walikuwa wanaangalia vidole, na Pyke aliwapa vidole wavitazame. Ilikuwa kwenye kifundo cha mkono: kwa mpira wa kawaida kiganja kilimwelekea mpigaji, na kwa mnafiki, kabla tu hajauachia, kipa aliiona mishipa ya mgongo wa mkono. Nikamwonyesha Felix mara moja, mara ya pili, nikamrushia chungwa kutoka mlangoni naye akisema "kawaida" au "mnafiki", shangazi ameegemea sinki na kanga mabegani anacheka kila anapokosea. Halafu akaacha kukosea. Nilimrushia mbele, nikamrushia kwa kona, nikaficha mkono nyuma ya kanga. Hakukosea tena. Uso wake ulifunguka. "Salum," alisema, "wewe ni ndugu yangu." Shangazi akamenya chungwa lile, likiwa limeshalainika kwa kuanguka, akatugawia nusu kwa nusu. Nilikula nusu yangu nikihesabu nilichopoteza.

Mechi iliyoamua ilikuwa hapahapa London, siku ya joto la ajabu, Ramadhani ikielekea kumi la mwisho. Tulichezeshwa wote wawili, mimi kama kipa, Felix kama mpigaji tu. Nilikuwa nimefunga. Mtu akiwa safarini ana ruhusa ya kula, na kwenye mechi za mbali nilikula, lakini uwanja ulikuwa safari ya mabasi tu kutoka nyumbani, na sikuwa mtu wa kumdanganya Mungu kwa tiketi ya basi. Nilidaka vizuri kuliko siku yoyote. Kiu ilikuwa imenitoa mawazo yote, nilibaki macho na mikono. Baada ya chakula cha mchana, ambacho mimi nilikitumia kulala sakafuni, mrushaji mmoja wa kasi ya wastani akarusha, mpigaji akaugusa kwa ukingo, na mpira ukanipiga ncha ya kidole kabla glavu haijafunga. Nilisikia mfupa. Nilidaka, nataka hilo lijulikane, mpira niliudaka na mpigaji akatolewa. Lakini nilipoivua glavu kidole kilikuwa kinatazama kwingine. Sheria inaruhusu mchezaji mwingine wa timu ashike glavu. Nahodha hakutazama mbali. Alimwita Felix.

Niliwekwa kwenye balkoni, mkono ndani ya ndoo ya barafu. Daktari wa timu akaniletea vidonge na kikombe cha chai yenye sukari, na mgonjwa ana ruhusa, kwa hiyo nikafungua saumu mchana kweupe, mbele ya watu wanaopiga makofi. Walikuwa hawanipigii mimi. Pyke alikuwa ameingia. Niliuona mgongo wa mkono wake kutoka kule juu, na nikasema moyoni, mnafiki, na kule chini Felix akahamia upande sahihi kabla mpira haujatua. Akaudaka kama mtu anayepokea mtoto. Mara nyingine, mnafiki, akahama. Mara nyingine mpigaji akadanganyika, akatoka mbele kuufuata, akaukosa, na Felix akaudaka na kuangusha vijiti kwa mwendo mmoja, na uwanja mzima ukasimama. Pyke mnene alimkimbilia, akamkumbatia. Ule ulikuwa ujuzi wangu kule chini. Ulikuwa na miguu ya mtu mwingine, na ulipigiwa makofi kwa jina la mtu mwingine. Chai ilikuwa tamu mno. Nikainywa yote. Kesho yake, zamu yetu ya kupiga ilipofika, Felix akapiga, akapiga, akapiga, hakuna aliyeweza kumtoa, na nilijua kwamba Septemba imeshakuja.

Kidole kilipona kimepinda. Kocha aliniita kwenye kile chumba cha birika, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa kitupu, akaniambia kwa upole alichokuwa ameshakisema kupitia ukuta. Felix alipewa mkataba. Nyumbani shangazi alipika biriani, na alipotuona tunaingia alimkumbatia Felix na kulia kwa furaha, kisha akaniona mimi nyuma yake nimesimama na begi, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Riziki, mwanangu," alisema. Nikamwuliza yangu iko wapi basi, ile aliyosema itaningoja. Alinipakulia sahani. Ukoko ulikuwa juu yake, wote, na sikuula. Kabla majani hayajaisha kuanguka nilipata kazi kwenye gereji ya mabasi na chumba Peckham juu ya saluni ya nywele, na Felix akabaki na kitanda cha dirishani mpaka alipooa.

Miaka yote iliyofuata nililisoma gazeti kuanzia nyuma, kwenye kurasa za michezo. Nitasema ukweli, maana nimechoka na wazee wanaojifanya mioyo yao ilikuwa ya sufi: nilitafuta habari kwamba hakudaka. Siku alizotolewa bila mkimbio hata mmoja nilifanya kazi kwa raha, na abiria walioniuliza njia niliwaelekeza kwa ukarimu. Siku alizong'aa nilikuwa mkali kwa mke wangu. Alipovikwa kofia ya kaunti, ile wanayompa mchezaji aliyekubalika kabisa, alinipigia simu mimi kabla ya ndugu zake. Nikampongeza, nikaweka simu chini, nikakaa ngazini. Kila Idi alikuja kwa shangazi na watoto wake. Kila Idi tulikula pamoja, na hakuna mtu mezani pale aliyejua kwamba mimi nakula wivu, au ndivyo nilivyodhani.

Hitma ilipokwisha na watu wakaondoka, tulibaki wawili jikoni mwa ule ukumbi tukiosha masufuria ya pilau, yeye anasuuza amekaa kwenye kiti kwa ajili ya magoti, mimi nafuta. Hakuna aliyetuomba. Wanawake walishatuambia tuache. Felix alikuwa bado anavuta makamasi. Akasema, "Unajua bado namwona pale uwanjani, upande wa saa kubwa, na thermos yake. Kila Alhamisi ya off, kama tunacheza nyumbani. Na buibui, katikati ya wazee wa Kizungu wote. Walikuwa wanamwekea kiti."

Nikamwuliza anamzungumzia nani.

"Aunty. Kwani nani? Miaka mingi, Salum, mpaka nilipostaafu. Ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui. Shangazi alifanya kazi maisha yake yote, na Alhamisi zake, kwa jinsi alivyonieleza, zilikuwa za kumtembelea rafiki yake mgonjwa. Mwaka ule wangu mmoja, mechi zangu zote, uwanja ukiwa mabasi mawili kutoka mlangoni kwake, hakuja hata mara moja. Nilimwomba. Nilimletea tiketi. Alisema miguu inamuuma, alisema ana nguo za kupiga pasi. Nikaweka sufuria chini nikamwambia Felix hayo, na sauti yangu ilitoka ya mtoto, nikaisikia na nikashindwa kuirekebisha.

Felix alikausha mikono kwenye suruali. "Mimi nilimwuliza," alisema. "Mara ya kwanza alipokuja, nilimwuliza kwa nini hakuwahi kuja kwa Salum. Akaniambia, 'Wewe naweza kukutazama. Ukiumia nitakupa pole, nitakupikia supu, utapona. Lakini ule mpira ukimwendea Salum mimi siwezi kufungua macho.' Akasema ile siku ya kidole, mimi nilipompigia simu kazini kumwambia, alikaa chini sakafuni kwenye dobi na wenzake wakafikiri kuna mtu amekufa." Akanitazama, macho mekundu. "Mimi nilitazamwa tu, Salum. Wewe ndiye ulipendwa. Mimi nimekuonea wivu kwa hiyo kitu mpaka leo."

Alisema hivyo kwa wema, kama anavyofanya kila kitu, kisha akangoja nifarijike. Nilijaribu. Nilimwona shangazi sakafuni katikati ya mashuka ya hospitali, nikataka lile linitoshe. Nikamwambia Felix kwamba ningekubali shangazi anipende nusu ya hivyo, mradi aje Alhamisi moja. Akarudi kwenye masufuria, nami nikachukua kitambaa. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye sinki na nje wanawake walikuwa wanakunja mikeka. Maneno yale ya kunipenda shangazi aliyasema mara moja tu katika maisha yake, na alimwambia Felix.